Safari ya mbugani ng'ambo ya mpaka: maandalizi ya kwenda Serengeti, Ngorongoro na Maasai Mara

Wafanyabiashara wa pande zote mbili wanaijua Namanga kwa vitunguu, mahindi, mitumba na foleni ya malori. Ni wachache kati yao waliowahi kuivuka wakiwa watalii. Hata hivyo, wananchi wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi wana nafasi ambayo mgeni wa Ulaya au Marekani hana. Hawahitaji viza kuvuka, na hifadhi nyingi za ukanda huu huwatoza kiingilio kidogo, tena kwa shilingi. Familia ya Nairobi, Kampala au Kigali inaweza kuwaona nyumbu wa Serengeti kwa sehemu ndogo tu ya fedha anazolipa mtalii wa mbali.

Kinachoharibu safari za namna hii mara chache huwa ni bei ya kiingilio. Huwa ni gari lililozuiwa mpakani, kadi ya chanjo iliyosahaulika nyumbani, likizo iliyopangwa mwezi ambao wanyama wapo upande wa pili, au malipo ya awali yaliyotumwa kwenye simu ya mtu asiye na ofisi. Makala haya yanaeleza namna ya kujipanga, hasa kwa msafiri anayetoka nchi jirani na anayetumia mfuko wake mwenyewe.

Kwanza tazama kalenda ya nyumbu

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Maasai Mara, iliyo upande wa Kenya, ina takriban kilomita za mraba 1,510. Eneo la Ngorongoro lilitengwa na Serengeti mwaka 1959 ili wafugaji wa Kimaasai waendelee kuishi humo pamoja na wanyamapori. Kwa nyumbu hayo yote ni malisho mamoja. Nyumbu hao wanakadiriwa kufikia milioni 1.3, wakifuatana na pundamilia wapatao laki mbili na swala wengi, na huzunguka mwaka mzima wakifuata mvua na majani mapya.

Hawakuwa wengi hivyo siku zote. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 iliua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 tu. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka pia kwa nyumbu, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 idadi yao ilikuwa imepita milioni moja. Sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011. Inafaa kukumbuka, unapoona bahari ile ya nyumbu, kwamba chanzo chake ni sindano walizochomwa ng'ombe wa wanakijiji.

Sasa kalenda yenyewe. Kuanzia Januari hadi Machi makundi yapo kusini, kwenye nyanda za majani mafupi za Ndutu, zinazopakana na Ngorongoro. Huko ndiko wanakozalia, na ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki chache za mwezi wa Februari. Masika yanapoanza wanasogea kaskazini-magharibi. Mei na Juni huwa katikati ya Serengeti na upande wa Mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, pande zote mbili za Mto Mara, na huo ndio wakati wa ile mivuko ya mto inayoonekana kwenye televisheni. Novemba, mvua za vuli zikianza, wanageuza kurudi kusini.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanafuata ambayo mawakala wengi hawayasemi waziwazi. La kwanza ni kwamba Mkenya anayetaka kuona mivuko ya Agosti hana sababu ya kwenda Serengeti, kwa kuwa ataiona Mara. Vivyo hivyo Mtanzania hana sababu ya kwenda Mara, kwani mto huohuo unapita Kogatende na Lamai, ndani ya Serengeti. Kuvuka mpaka kuna maana zaidi Januari hadi Machi, wakati ambapo kundi kubwa la nyumbu halipo Mara. La pili ni kwamba mvuko wa mto hauna ratiba. Nyumbu wanaweza kusimama ukingoni saa sita na kisha kuondoka bila kuvuka. Anayekuahidi mvuko siku fulani saa fulani anakuuzia asichokuwa nacho.

Likizo za shule nazo zina neno. Shule za Kenya hufungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Za Tanzania hufungwa Juni na Desemba. Aprili ni masika kamili: bei za malazi hushuka sana, lakini udongo mweusi wa mbugani hunasa hata gari la magurudumu manne, na baadhi ya kambi hufungwa. Agosti wageni wa Ulaya wamejaa na vyumba ni ghali. Kwa familia zenye ndugu pande zote mbili, Desemba ndio mwezi unaowakutanisha. Mvua za vuli hupungua, majani ni mabichi, na makundi huwa mashariki na kusini mwa Serengeti. Tatizo la Desemba ni sikukuu zenyewe. Kuanzia tarehe 20 hivi foleni ya mpakani huwa ndefu na hoteli hupandisha bei, kwa hiyo wiki ya pili ya mwezi huo ni bora kuliko ya nne.

Pasipo na mlango

Ukitazama ramani utaona Mara na Serengeti zimegusana, na utadhani unaweza kutoka moja ukaingia nyingine. Haiwezekani. Kati ya lango la Sand River upande wa Kenya na Bologonja upande wa Tanzania kulikuwa na njia ya magari ya watalii hadi Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya kwanza ilivunjika. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, lakini njia hiyo haikurudishiwa watalii. Wanaharakati wa mazingira wanaona ni afadhali ibaki hivyo. Wenye hoteli za Mara wamelalamika kwa miaka mingi. Msafiri hana la kufanya ila kuzunguka.

Njia za kuzunguka ni hizi. Kutoka Nairobi kwenda Ngorongoro na kusini mwa Serengeti, pita Namanga: kama kilomita 165 hadi mpakani, kisha kilomita 110 hivi hadi Arusha, halafu Karatu. Kutoka Mara au Kisumu, pita Isebania na Sirari, uende Tarime na Mugumu hadi lango la Ikoma, au uteremke Musoma na Bunda hadi lango la Ndabaka lililo kando ya barabara ya Mwanza. Njia hii ya magharibi inasahaulika mno, wakati ndiyo fupi kwa mtu wa Kisumu, Kisii au Migori. Anayetoka Mombasa anaweza kupita Taveta na Holili kwenda Moshi.

Kwa watu wa Kampala na Kigali mambo yamebadilika. Zamani safari ya kupitia Mutukula au Rusumo hadi Mwanza iliishia kwenye foleni ya kivuko cha Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na sasa gari linavuka ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Kutoka Mwanza hadi Ndabaka ni mwendo wa lami usiofika nusu siku. Dereva wa Rwanda au Burundi akumbuke kwamba akivuka kuingia Tanzania anahamia upande wa kushoto wa barabara. Asubuhi ya kwanza ndiyo ya hatari, hasa kwenye mizunguko ya mijini.

Gari la nani?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwa makubaliano ya Kenya na Tanzania ya mwaka 1985, gari la kampuni ya utalii la nchi moja halipeleki wageni ndani ya hifadhi za nchi nyingine. Abiria hushuka, wanapandishwa gari la kampuni shirika ya upande wa pili, na safari inaendelea. Suala hili limewahi kuleta mzozo mkubwa. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya utalii ya Tanzania kuchukua wageni Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Tanzania nayo ikapunguza safari za ndege za Kenya Airways, hadi marais wa nchi hizo mbili walipokubaliana mwezi Machi 2015 kurudisha hali ya awali. Aidha, amri iliyotolewa Tanzania mwezi Julai 2025 kuhusu biashara zisizoruhusiwa kwa wasio raia ilitaja pia kazi ya kuongoza watalii. Kwa hiyo wakala wa Nairobi anayekuambia dereva wake atakufikisha Seronera na matatu yake ya utalii, ama hajui sheria au anategemea wewe usiijue. Muulize jina la kampuni ya Tanzania itakayokupokea, na uliandike.

Gari binafsi ni jambo jingine. Linaruhusiwa kuvuka na kuingia hifadhini, mradi lina karatasi zake: kadi ya usajili, kibali cha kuingiza gari kwa muda kinachotolewa na forodha pale mpakani, na bima inayokubalika ng'ambo. Kama gari si lako, uwe na barua ya mwenyewe ya kukuruhusu. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo na jina la benki liko kwenye kadi, utahitaji barua ya benki. Barua hiyo huchukua siku kadhaa kupatikana, na wengi hukumbuka wakiwa tayari dirishani. Kibali kina tarehe ya mwisho. Ukiipitisha, utalipa faini.

Kabla ya kufurahia kutumia gari lako, piga hesabu. Hifadhi za taifa za Tanzania hutoza gari lenye namba za kigeni ada kwa dola, kubwa mara nyingi kuliko gari lenye namba za Tanzania linalolipa kwa shilingi. Kadiri gari linavyokuwa zito ndivyo ada inavyopanda, na hutozwa kwa siku. Uraia wako wa Afrika Mashariki unakupunguzia wewe, haulipunguzii gari. Watu wawili wakiwa na gari zito la magurudumu manne kwa siku tatu wanaweza kukuta gari limelipa zaidi ya wao wawili pamoja. Kwa familia ya watu watano au sita, kuacha gari Namanga au Arusha mahali palindwapo na kukodi gari la Tanzania pamoja na dereva mara nyingi ni nafuu. Dereva wa huko pia anajua simba walilala wapi jana. Huo ndio ushauri wetu kwa anayekwenda mara ya kwanza.

Anayeamua kwenda na gari lake ajue kwamba barabara kutoka lango la Ngorongoro hadi Seronera si lami, na ina mawimbi yanayolegeza kila boliti. Beba magurudumu mawili ya akiba, si moja. Mafuta yanapatikana Seronera, lakini jaza tangi Karatu. Kushuka kwenye kreta ni kwa magari yanayoendesha magurudumu yote manne tu.

Kadi mbili za njano

Mpakani utasikia ukiulizwa "kadi ya njano", na kuna watu hutoa isiyo yenyewe. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Tanzania hukidai kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, zikiwemo Kenya na Uganda. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, la sivyo cheti hakijaanza kufanya kazi. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote kwa kanuni za kimataifa za afya, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Ya pili ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari inayovuka mipaka. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo katika mpango huo wa bima. Kadi hii huombwa kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Ukisubiri kuinunua mpakani utakutana na vijana wenye mihuri ambayo hakuna ajuaye ilikochongwa.

Kwa vitambulisho, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Kuingia Tanzania, nenda na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kutoka idara ya uhamiaji ya nchi yako. Watoto wawe na hati zao wenyewe. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya mzazi mwenzake, kwa sababu maofisa huuliza, na wana haki ya kuuliza.

Wasomaji wetu wengi huwa na wageni wa kibiashara kutoka Dubai, China au Oman wanaotaka kuona wanyama baada ya mkutano. Wageni hao watazamiwe mapema. Viza ya pamoja ya utalii iliyoanza mwaka 2014 kwa dola 100 na siku 90 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu. Tanzania haimo, na inadai viza yake. Kenya nayo iliacha viza Januari 2024 na kuweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa mtandao kabla ya kupanda ndege.

Viingilio na mtego wa Ngorongoro

Serengeti hutoza kwa saa 24 kwa kila mtu, kwa madaraja matatu: raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkaazi, na mgeni asiye mkaazi. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu. Ili upewe bei ya raia lazima uonyeshe pasipoti au kitambulisho langoni. Ndugu yako aliyechukua uraia wa Uingereza atalipa kama Mwingereza, hata akiongea Kiswahili cha Lamu. Malipo si taslimu. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa kwa benki, kadi au simu. Mtandao wa simu kwenye malango ya mbali huyumba, hivyo ni busara kukamilisha malipo ukiwa mjini.

Sasa mtego. Barabara kuu ya Arusha kwenda Serengeti inapita ndani ya eneo la Ngorongoro, na mamlaka yake ni tofauti na ya hifadhi za taifa. Unalipa Ngorongoro kwa kupita tu, hata kama hukushuka kreta. Ukikaa Serengeti siku tatu na kurudi kwa njia ileile, kibali cha kwanza cha saa 24 kimekwisha, na unalipa Ngorongoro tena. Kushuka kreta kuna ada yake nyingine, inayotozwa kwa gari kila linaposhuka. Yote hayo hayamo katika bei ya "kiingilio cha Serengeti" ambayo wakala amekutajia kwa simu. Dawa yake ni kuingia upande mmoja na kutokea mwingine: ingia kwa Ngorongoro, tokea Ikoma au Ndabaka, urudi Kenya kwa Sirari. Unalipa Ngorongoro mara moja na unaona nchi mbili tofauti ndani ya hifadhi moja.

Tahadhari na saa ya kuingia. Ukiingia saa nne asubuhi, toka kabla ya saa nne ya siku inayofuata au uwe umelipia siku nyingine. Lori lililokwama barabarani si hoja langoni. Jipe saa mbili za ziada.

Maasai Mara haiko chini ya shirika la wanyamapori la Kenya. Ni ya Kaunti ya Narok, na sehemu ya Pembetatu ya Mara imesimamiwa na shirika la hifadhi lisilo la faida tangu mwaka 2001. Tangu Januari 2024 tiketi ya Mara inahesabiwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, si saa 24, na mgeni asiye mkaazi alipandishiwa hadi dola 100 nusu ya kwanza ya mwaka na dola 200 kuanzia Julai. Aliyelala ndani ya hifadhi anapaswa awe ametoka saa nne asubuhi siku ya kuondoka, ama alipe tena. Wananchi wa Afrika Mashariki wana kiwango chao cha chini. Viwango hivi vyote hubadilishwa, kwa kawaida mwanzo wa Julai au Januari, kwa hiyo hakikisha cha mwaka wa safari yako kabla ya kukubali bei ya mtu.

Malazi ya ndani ya hifadhi yana tozo ya kila usiku juu ya bei ya chumba au hema. Kulala nje ya lango, mathalani Karatu, Mugumu au Bunda, hupunguza gharama sana. Ubaya wake ni kupoteza saa ya kwanza ya asubuhi, nayo ndiyo saa ya chui na simba. Wastani mzuri kwa familia ni kulala nje usiku wa kwanza na wa mwisho, na ndani usiku mmoja au miwili ya katikati. Wenye mahema yao wanaweza kupiga kambi katika maeneo ya umma ya Seronera kwa bei ndogo. Chakula kisiachwe hemani, kwani fisi wa pale wamezoea watu.

Kuchagua wakala

Kampuni ya Tanzania iwe na leseni ya wakala wa utalii, inayojulikana kama TALA. Ya Kenya iwe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Vyama vya wenye kampuni, TATO kwa Tanzania, KATO kwa Kenya na AUTO kwa Uganda, huweza kukuthibitishia kama jina ulilopewa ni la mwanachama. Kuuliza ni bure. Malipo yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni hiyohiyo iliyo kwenye leseni. Namba ya simu ya "mkurugenzi" haitoshi, hata kama ametumwa na shemeji yako.

Bei iandikwe kwa vipande: viingilio kwa kila hifadhi, ada ya kreta, gari na mafuta, malazi, chakula, na nani analipa nini gari likiharibika. Neno "kila kitu kimo" ni neno la mdomo tu. Usilipe zaidi ya theluthi moja ya awali kama hujaonyeshwa uthibitisho wa hoteli. Na masharti ya kurudishiwa fedha yasomwe kabla, si baada. Siku za uchaguzi mkuu wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba 2025 kulikuwa na maandamano yaliyofika hata Namanga, na intaneti ilikatwa nchini humo kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na mkataba unaoeleza kuahirisha alikuwa na pa kuanzia. Mwenye ujumbe wa simu tu alibaki kuomba.

Afya na mizigo

Watu wa Nairobi, Kigali na nyanda nyingine za juu husema malaria ni ugonjwa wa wageni. Mwili uliokulia baridini hauna kinga nayo, kwa hiyo mwone daktari kuhusu dawa za kujikinga kabla ya kwenda, hasa kama kuna mjamzito au mtoto mdogo. Mbung'o wapo katika Serengeti ya magharibi na kaskazini. Nguo za buluu na nyeusi huwavuta, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa rangi hizo. Vaa kahawia au kijani iliyofifia. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai unahitaji sweta zito na soksi.

Hospitali kubwa ziko mbali. Huduma ya ndege ya AMREF, iliyoanza mwaka 1957, huuza uanachama wa muda unaogharimia kusafirishwa kwa ndege ukiugua au ukiumia. Kwa safari ya familia huo ni ununuzi wa maana kuliko kamera mpya.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Tangu Juni 2020 Kenya hairuhusu hata chupa za maji za kutupwa na mirija ndani ya maeneo ya hifadhi. Beba chupa za kudumu. Darubini moja kwa gari haitoshi, watoto watagombana. Ndege zisizo na rubani za kupigia picha hutaifishwa zikikutwa bila kibali.

Kwa wafanyabiashara, neno moja la pembeni: usichanganye safari hii na mzigo. Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 zina cheti rahisi cha asili pale mpakani, lakini boksi ishirini za bidhaa nyuma ya gari la familia huleta maswali yatakayomaliza asubuhi yako yote. Wakati wa kurudi, shanga na vinyago havina shida. Pembe, ngozi, kucha, mayai ya mbuni na manyoya ni kesi. Tanzanite nunua kwa mwenye leseni, na risiti ubaki nayo hadi nyumbani. Badili fedha benki au kwenye duka la fedha lenye kibali, kwani vijana wanaokimbilia gari Namanga ni mafundi wa kukunja noti.

Ndani ya hifadhi

Hushuki garini ila mahali palipoandikwa. Huachi barabara kumfuata mnyama Serengeti. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na giza likiingia uwe umefika. Mnyama apewe njia. Mvuko wa nyumbu unapoanza, magari yasisogezwe ukingoni kabla kundi halijaingia majini, kwani gari moja lenye haraka linaweza kuwarudisha wote nyuma, pamoja na fedha za watu waliosubiri tangu alfajiri. Dereva wako akikataa kusogea, mwache. Leseni inayohatarishwa ni yake.

Bahashishi ya dereva hutolewa siku ya mwisho, mkononi mwake mwenyewe, kwa fedha ya nchi yake. Kabla hujashuka, andika namba yake ya simu. Safari ijayo mtafute kwanza yeye, akuambie mvua imenyesha wapi.